Mchawi Mpe Mwana Amlee: Maadili ya Kumpa Mganga Leseni

1.0 Utangulizi

Soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika zaidi siku ya Jumapili. Nguo za mitumba, makarai, vitanda, nafaka, viatu na samaki wakavu hupangwa juani na chini ya maturubai, na miongoni mwa bidhaa hizo hayakosekani mafungu ya mizizi, magome na majani makavu. Muuzaji wa mizizi na muuzaji wa omena hulipa ushuru wa soko kwa namna moja. Anayetoza ushuru hamuulizi wa kwanza kama mizizi yake inaponya, kama vile asivyomuuliza wa pili kama omena wake wana ladha. Stakabadhi anayoitoa inathibitisha jambo moja tu, kwamba mahali pa kukaa pamelipiwa. Lakini mnunuzi aliyetoka mbali akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni yamkini haioni stakabadhi hiyo kwa jicho hilo. Kwake yeye, mtu aliyeachwa na serikali akae hadharani ni mtu aliyekubaliwa na serikali.

Tofauti iliyopo baina ya kuruhusu na kukubali ndiyo kiini cha makala haya. Swali linaloulizwa ni la kimaadili: je, dola ina haki gani ya kumpa leseni, au kumnyang'anya leseni, mtu anayedai kuwa na uwezo ambao dola yenyewe haina kipimo cha kuupimia? Na pale inapompa, ni nani anayebeba dhamana ya matendo yake?

Mjadala unaegemea mihimili miwili. Mhimili wa kwanza ni historia ya sheria za uchawi na tiba ya asili katika Afrika Mashariki. Wa pili ni fasihi, hususan Kufikirika ya Shaaban Robert, The Promised Land ya Grace Ogot na Mũrogi wa Kagogo ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Fasihi haiingizwi hapa kama ushahidi wa mambo yaliyotukia. Inaingizwa kwa kuwa ina uhuru ambao mahakama haina. Mahakama haiwezi kuanza kesi kwa kukubali kwamba uganga ni kweli. Riwaya inaweza, kisha ikauliza: hata kama ni kweli, basi nini?

2.0 Tatizo la Majina

Kabla ya kumdhibiti mtu, sharti sheria imtaje, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kiswahili humtenga mganga na mchawi kwa maneno mawili yasiyofanana hata kwa sauti. Wa kwanza huganga, yaani hufunga kilichovunjika. Wa pili hudhuru. Kidholuo nacho kina majina mengi zaidi: ajuoga ni mganga mwenye kuagua na kutibu, nyamrerwa ni mwanamke mjuzi wa mitishamba na wa uzazi, jabilo ni mwenye dawa za vita na za kulinda jamii, janawi ni mwenye kutupia watu madhara, jajuok ni yule atembeaye usiku kuwatisha watu na kuwasumbua. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba ajuoga na jajuok huhusishwa na shina moja, lile la juok, neno lenye maana pana ya nguvu isiyoonekana. Lugha inatambua kwamba nguvu ni moja, ila inawapa majina tofauti wanaoitumia kwa kuangalia matendo yao.

Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya dini ya Waluo wa kati, alipinga vikali desturi ya wamishonari ya kulichukua neno jok na kulilazimisha libebe maana ya Mungu mmoja wa Kikristo. Sheria ya kikoloni ilitenda kosa la aina hiyohiyo kwa kuelekea upande mwingine. Ilichukua majina yote hayo, la mwenye kuponya na la mwenye kuua, ikayatia katika kapu moja la uchawi. Evans-Pritchard alikwisha kuonyesha mwaka 1937, kwa kuwatazama Waazande, kwamba jamii inaweza kutenga kwa makini uchawi wa kuzaliwa nao na uchawi wa kujifunza. Lakini sheria haikuwa na haja na utengano wowote wa namna hiyo.

Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba dhana ya leseni inakisia hali ambayo haikuwapo kila mahali. Leseni inawahitaji watu wawili: mwenye mamlaka na mwenye uwezo. Kando ya ziwa, watu hao wawili mara nyingine walikuwa mtu mmoja. Gor Mahia wa Kanyamwa, ambaye jina lake linabebwa na klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968, anakumbukwa kama kiongozi na kama mtu wa maajabu kwa wakati mmoja. Kumuuliza mtu kama huyo ni nani aliyempa kibali kungekuwa sawa na kuuliza ni nani aliyempa mfalme ruhusa ya kutawala. Swali la leseni huzaliwa pale mamlaka na nguvu za siri zinapotengana, na kila upande ukaanza kuutazama mwingine kwa hofu.

3.0 Sheria ya Kujidai

Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitunga sheria ya kwanza ya uchawi mwaka 1909, na ile iliyodumu, ambayo baadaye ilikuwa Sura ya 67 ya sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka 1925. Tanganyika ilipata sheria yake mwaka 1928 na Uganda ikatunga yake mwaka 1957. Neno lenye uzito katika sheria ya Kenya ni kujidai. Anayeadhibiwa si mchawi, kwa sababu machoni pa sheria mchawi hayupo; anayeadhibiwa ni mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi kwa namna inayokusudia kutia hofu, kuudhi au kudhuru. Wakati huohuo sheria hiyo inamwadhibu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa tuhuma ifikishwe kwa wakuu wa serikali.

Kwa mtazamo wa juu juu, huu ni uamuzi wa busara. Dola inakataa kuingia katika ubishi wa kuwapo au kutokuwapo kwa uchawi, na inashughulikia madhara tu. Hata hivyo, uamuzi huo una ufa. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba ana uwezo hajidai chochote, anasema analolijua. Sheria inamhukumu kwa udanganyifu hali yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kudanganyika, ikiwa amedanganyika. Kwa upande mwingine, wanakijiji wanaomwogopa wanaona kwamba serikali inamlinda, kwa kuwa wao wakimtaja wanakuwa wahalifu. Ufa huu ulionekana wazi katika kesi ya Wakamba ya mwaka 1931 na 1932, ambapo watu 60 walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mwanamke waliyemwamini kuwa mchawi. Hukumu hiyo haikutekelezwa, gavana aliibadilisha. Lakini pande zote mbili zilikuwa zimesema lililo moyoni. Washtakiwa waliona kwamba wametekeleza sheria ya jamii yao. Mahakama iliona wauaji. Kila upande uliuona mwingine kuwa umeacha wajibu wake wa kuwalinda watu.

Dola hiyohiyo iliyosema uchawi haupo haikusita kuutumia ilipobanwa. Katika miaka ya Hali ya Hatari, baada ya mwaka 1952, utawala wa kikoloni uliwatumia wazee wa Kikuyu kuendesha matambiko ya kuwatakasa watu waliokula kiapo cha Mau Mau, hata wazee hao wakapewa jina la kejeli la waganga wa Malkia. Huu ndio mfano ulio karibu zaidi na leseni kamili ya uganga katika historia ya Kenya: mtu anafanya tambiko hadharani, kwa idhini ya serikali, kwa manufaa ya serikali. Kigezo hakikuwa ukweli wa tambiko wala usalama wake kwa waliotakaswa. Kigezo kilikuwa utiifu.

Upande wa ziwa, kigezo hicho kilitumika kinyume. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alieleza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza kisha akamtema akiwa na ujumbe: watu wauache Ukristo na njia za Wazungu, kwani wageni hao watatoweka. Imani hiyo ilienea hadi Gusii. Baadhi ya viongozi wake walihamishiwa Lamu, mwendo wa nchi nzima kutoka ziwa lao, na mwaka 1954 kundi hilo likapigwa marufuku. Hapana aliyechunguza kama nyoka yupo. Ukiwaweka wafuasi wa Mumbo kando ya wale waganga wa Malkia, kanuni inajitokeza yenyewe: uganga unaoitii dola ni mila, na uganga usioitii ni uchawi. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kuitwa ya kimaadili, kwa maana haimtazami kabisa mtu anayetibiwa.

4.0 Kufikirika: Ukweli Usiotoa Haki

Shaaban Robert aliandika Kufikirika mwaka 1946, ingawa ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake. Nchi ya Kufikirika haimo katika ramani yoyote, na hilo linampa mwandishi nafasi ya kulijaribu swali hili bila kumtaja gavana yeyote. Mfalme wa nchi hiyo ana kila kitu isipokuwa mrithi. Anawaita waganga wa kila namna, kundi baada ya kundi, na elimu yao inawekwa chini ya amri ya ufalme. Makundi yanashindwa. Watabiri ndio wanaofanikiwa: wanatabiri kwamba mtoto atazaliwa, na mtoto anazaliwa. Lakini utabiri wao una mkia. Mtoto ataugua, na ili apone itahitajika kafara ya watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga.

Wahakiki wengi wameisoma sehemu hii kama shambulio dhidi ya ushirikina. Usomaji huo ni sahihi kwa kiasi, lakini unapitwa na jambo kubwa. Kama Shaaban Robert angetaka kuonyesha tu kwamba watabiri ni waongo, angewafanya wakosee tangu mwanzo. Hakufanya hivyo. Utabiri wao wa kwanza ni wa kweli, na ni ukweli huo unaowapa nguvu ya kudai damu. Mfalme anafikiri hivi: waliosema kweli jana watasema kweli leo, na wanaosema kweli wana haki ya kutiiwa. Hatua ya kwanza ya fikira hiyo inaweza kujadiliwa. Hatua ya pili ndiyo yenye maangamizi.

Jibu linalotolewa na hoja za Utubusara Ujingahasara halitegemei kuthibitisha kwamba utabiri ni wa uongo. Linategemea kwamba uhai wa mtu hauwezi kuwa malipo ya uhai wa mwingine, awe mwana wa mfalme au wa mkulima. Mwisho wa yote mtoto anapona pasipo damu ya mtu kumwagwa. Fundisho linalopatikana ni la kifalsafa: ukweli wa uganga na haki ya mganga ni mambo mawili mbalimbali. Mtu anaweza kujua yatakayotokea, na bado asiwe na haki ya kuamuru lolote juu ya mwili wa mwenzake.

Leseni huvuruga utengano huo. Karatasi yenye mhuri haisomeki kama ruhusa ya kutenda jambo fulani dogo. Husomeka kama uthibitisho wa uwezo mzima. Ufalme wa Kufikirika haukuwapa watabiri karatasi, lakini kwa kuwaweka katika baraza ulifanya jambo lilelile.

5.0 Jirani Aliye Mganga

Riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land, iliyotoka mwaka 1966, inalileta suala kando ya ziwa hasa. Ochola na mkewe Nyapol wanaiacha Nyanza na kuvuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Wanafanikiwa, na mafanikio yao yanamchoma jirani yao mzee, ambaye ni mganga. Mwili wa Ochola unaota vitu kama miiba. Hospitali, pamoja na daktari Mzungu mwenye nia njema, haifui dafu. Anayemponya ni mganga mwingine, Magungu, naye anaweka sharti: aondoke, aiache mali, arudi alikotoka.

Ogot alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mwandishi. Alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza, na akafanya kazi Maseno. Kwa hiyo haielekei kwamba alimfanya daktari ashindwe kwa kutojua kazi ya hospitali. Anachokionyesha ni kwamba aliyemdhuru Ochola na aliyemponya wana ujuzi wa jina moja. Lau kungekuwa na daftari la waganga katika kijiji hicho, jirani na Magungu wangeandikwa katika ukurasa mmoja, kwa kalamu moja, wote wakiwa na wagonjwa wa kuwashuhudia. Kinachowatenga hakiandikiki katika daftari: mmoja ana husuda na mwingine hana.

Kuna jambo la kihistoria linaloongeza uzito wa usomaji huu. Katika miaka ya themanini Ogot alikuwa mbunge na Waziri Msaidizi katika Wizara ya Utamaduni na Huduma za Jamii. Nchini Kenya waganga wa jadi waliandikishwa kwa miaka mingi chini ya idara ya utamaduni wala si chini ya afya. Mpangilio huo unasema jambo. Kumweka mganga katika utamaduni ni kumhesabu pamoja na ngoma na vinyago: anaheshimiwa kwa kuwa ni wa zamani, si kwa kuwa anajua. Cheti chake kinathibitisha uasili wake tu. Lakini mgonjwa hamwendei mganga kuuona uasili, anamwendea apone. Ndiyo kusema kwamba dola ilitoa cheti cha jambo moja, na wananchi wakakipokea kwa jambo jingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilikuja kuitambua tiba ya asili ndani ya mfumo wa afya na kuagiza kuwekwa chombo cha kuisimamia, jambo ambalo angalau limelihamisha swali hadi mahali pake.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Mũrogi wa Kagogo (2004), analipindua suala zima. Kamĩtĩ hana uganga wowote anapoanza. Anatundika kibao mlangoni cha kuwatisha polisi wanaomfukuza, na polisi anayekimbia kwa hofu ndiye anayerudi kuwa mteja wake. Kutoka hapo habari inapanda hadi kwa Mtawala wa Aburĩria. Mganga huyu amepewa kazi na hofu ya dola yenyewe. Kejeli ya Ngũgĩ inaikumbusha hadhira kwamba wanaoketi mezani kutoa leseni si lazima wawe wale wasioamini. Mchana wanaweza kuisaini sheria ya uchawi, na usiku wakabisha hodi kwa mganga wakiwa wateja.

6.0 Kutoa na Kunyang'anya

Tanzania ndiyo iliyofika mbali zaidi katika njia ya leseni. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliunda baraza la kuwasajili waganga na kusimamia dawa zao. Hoja zinazoiunga mkono ni nzito na hazistahili kupuuzwa. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikwisha kuwatambua waganga wa jadi kuwa miongoni mwa wanaoweza kuchangia afya ya msingi. Muhimbili ilianza utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974, na nchini Kenya Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ina kituo chake cha kazi hiyo. Mizizi ina kemikali, kemikali hupimika, kipimo kikizidi huua. Kumwacha muuzaji wa Kibuye nje ya usimamizi wowote kwa jina la kuheshimu mila ni kumwacha mnunuzi maskini peke yake. Tajiri akidhuriwa na daktari ana mahali pa kushtaki. Kwa nini maskini aliyedhuriwa na mganga asiwe napo?

Hata hivyo, historia ya leseni hiyo ina somo jingine. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi, Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi wote. Mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku tena waganga wasiosajiliwa, hasa wale waliotajwa kuwa wapiga ramli chonganishi, na mwezi Machi mwaka huo zaidi ya waganga 200 walikamatwa. Hatua zote mbili zilieleweka kutokana na ukubwa wa unyama uliokuwa ukitendeka. Lakini tazama tofauti iliyopo kati yake. Agizo la 2009 lilimwadhibu nyamrerwa wa mitishamba pamoja na mnunuzi wa viungo vya watu, kwa kuwa daftari lilikuwa limewaweka pamoja. Msamiati wa 2015 ulikuwa umepiga hatua: neno chonganishi halimtaji mtu kwa nguvu alizonazo, linamtaja kwa tendo. Ramli chonganishi ni ile inayomwambia mfiwa kwamba aliyemuua mwanawe ni fulani.

Tendo hilo la kutaja jina ndilo lenye mauti. Mwezi Mei 2008, katika eneo la Gusii, kusini mwa Kisumu, watu 11 waliteketezwa kwa moto wakituhumiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wazee 4 waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Hakuna mzizi uliowaua. Waliuawa na neno lililotamkwa na mtu, likaaminiwa na kundi. Uganda nayo ilijifunza kwamba hata dola inaweza kuwa mtamkaji wa neno hilo: katika kesi ya Abuki, mahakama ya katiba mwaka 1997, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1999, ziliibatilisha amri ya kumfukuza mtu kwao baada ya kutumikia kifungo cha uchawi. Mtu aliyetengwa na shamba lake na jamaa zake kwa muhuri wa serikali hana tofauti kubwa na aliyefukuzwa na umati, ila kwamba bado yu hai.

7.0 Mwana wa Nani?

Waswahili wana methali isemayo: mchawi mpe mwana amlee. Kwa muda mrefu methali hii imefasiriwa kama ushauri wa kumkabidhi dhamana mtu unayemshuku, ili dhamana yenyewe imfunge. Mwana akidhurika, mlezi ndiye atakayeulizwa wa kwanza; kwa hiyo atamlinda kuliko mama mzazi. Hii, kwa hakika, ndiyo falsafa nzima ya leseni. Badala ya kumfukuza mwenye nguvu za kutisha, mpe wajibu, mwandike jina, mjulishe kwamba anatazamwa.

Methali hii ina busara, lakini ina sharti ambalo halitamkwi. Anayempa mchawi mwana anampa mwana wake mwenyewe. Anamjua mlezi, anaishi jirani naye, anamwona mtoto kila asubuhi, na akipata hasara, hasara ni yake. Kwa sababu hiyo, imani yake ina thamani. Dola inapotoa leseni haitoi mwana wake. Waziri anayeidhinisha cheti, yeye na watoto wake, wana hospitali nyingine. Anayekabidhiwa kwa mganga ni mwana wa yule mama wa Kibuye, naye hakuulizwa. Leseni basi ni methali iliyogeuzwa: mchawi mpe mwana wa mwenzio amlee.

Kuna kikwazo cha pili. Usimamizi wa kweli unadai kwamba siri itajwe: dawa gani, kiasi gani, kwa ugonjwa gani. Masimulizi ya Waluo yana habari za Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa katika kivuli. Siku mkewe aliyetoka kwa Wanandi alipoijua siri hiyo na kuipeleka kwao, mkuki ulipigwa kivulini na Lwanda akaanguka. Mganga anayeombwa kuandika dawa yake katika fomu ana hofu ya namna hiyo, na hofu yake si ya kijinga, maana kuna wenye maabara wanaoweza kuichukua elimu yake wasimrudishie hata asante. Lakini kinyume chake pia ni kweli: uwezo usioweza kutajwa hauwezi kusimamiwa, na usioweza kusimamiwa hauwezi kudhaminiwa. Anayetaka kuitunza siri yake yote ana haki hiyo; hana haki ya kuitunza siri na kuchukua mhuri wa umma kwa wakati mmoja.

Kutokana na hoja hizi, mpaka wa dola unaweza kuchorwa. Mambo matatu yamo ndani ya mpaka huo. La kwanza ni mti: mizizi, magome na majani yanayoingia mwilini yapimwe kama kinachoingia mwilini chochote. La pili ni malipo: ahadi inayouzwa ihesabiwe kama ahadi nyingine yoyote inayouzwa. La tatu ni neno: kumtaja mtu kuwa sababu ya kifo au ugonjwa wa mwingine kusiwe sehemu ya kazi yoyote yenye idhini, hata pale mtajaji anapoamini kwa moyo wake wote kwamba amesema kweli. Nje ya mpaka zinabaki ndoto, pepo, baraka na maombi, ambavyo dola haivipi leseni wala haivinyimi, kama vile isivyompa leseni mshairi.

Pingamizi moja linatarajiwa. Yawezekana kusemwa kwamba mti, malipo na neno havitengani katika uganga halisi. Ajuoga anayempa mgonjwa manyasi ya kuondoa chira anamweleza pia ni mwiko gani uliovunjwa na nani aliyeuvunja. Pingamizi hili lina nguvu, lakini mfano wake wenyewe unalijibu. Chira humrudishia mgonjwa na jamaa zake swali juu ya mwenendo wao wenyewe. Humtaka mtu atengeneze alichokiharibu. Ramli chonganishi humwelekezea kidole jirani. Ya kwanza inaweza kuponya nyumba hata kama haikuuponya mwili. Ya pili huvunja nyumba mbili. Jamii za kandokando ya ziwa zilikuwa na uwezo wa kulitambua hilo kabla ya kuwapo kwa baraza lolote la usajili, na lugha zao bado zinalitambua.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la kama uganga ni kweli si swali ambalo dola inalazimika kulijibu, wala si swali ambalo jibu lake lingetosha. Sheria ya 1925 ilidhani imelikwepa kwa kuadhibu kujidai, ikaishia kumwonea mwenye imani ya dhati na kumwacha mwenye hofu bila mlinzi. Leseni inayomsajili mtu kwa jina la nguvu zake inaangukia kosa la mfalme wa Kufikirika, la kudhani kwamba ajuaye ana haki ya kutiiwa. Kilicho halali kusajiliwa ni tendo, na mwenye kutoa idhini hana budi kuwa tayari kuulizwa pamoja na aliyeidhinishwa.

Jioni ikifika Kibuye, wauzaji hukunja maturubai, na mizizi iliyobaki hufungwa katika magunia. Mama aliyenunua fungu moja ameshapanda matatu, mtoto amelala. Kama fungu hilo litamfaa au litamdhuru, yeye na mwanawe ndio watakaojua kwanza. Sheria yoyote itakayotungwa juu ya uganga haina budi kuanzia kwake, kwa maana katika biashara hii nzima ndiye pekee aliyetoa mwana.